Supu ya mbuzi, vumbi na Springboks: baa moja huku Ipagala inayofungua asubuhi kwa ajili ya raga

Nianze na supu, maana raga peke yake isingenirudisha pale mara ya pili.

Supu ya mbuzi, bakuli la bati lile kubwa jeupe lenye mstari wa bluu, shilingi 3,000. Ndani kuna goti, kuna utumbo uliooshwa ukaoshwa tena, nusu ndimu na pilipili mbuzi moja nzima inaelea pembeni inakuangalia. Chapati mbili 1,000. Saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi, Septemba hii ya Dodoma mnayoijua wenyewe na upepo wake, ule wa kukujaza mchanga mdomoni ukicheka tu. Dada wa kaunta anakuletea bakuli limefunikwa na kisahani, anakwambia kaka funua kidogo kidogo. Hicho kisahani tu nampa nusu nyota, kuna sehemu mjini hapa wanakuletea supu wazi unakunywa na nusu ya barabara.

Jina la baa sitaji. Nina malalamiko yangu hapo chini na mwenye baa tunakutana gengeni karibu kila siku, sitaki ugomvi wa nyanya. Ni huku Ipagala, kuna mwarobaini mkubwa katikati ya uwanja, viti vyekundu vya plastiki, jiko la kuchomea nyama liko kushoto ukiingia, banda la bati lina tivi mbili na nje kuna projekta. Mtu wa mitaa hii kashaijua.

Mi raga niliipatia Johannesburg, nimekaa kule miaka minne nikifanya kazi gereji, bosi wangu alikuwa anafunga karakana Jumamosi mchana Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, wakicheza, ukitaka kulipwa ovataimu ya kukaa bure unaenda nae kuangalia. Mwaka wa kwanza sikuelewa kitu, niliona watu wanagombania mpira kama abiria wa daladala Mbagala. Mwaka wa pili nikaanza kupiga kelele kabla ya refa. Nilivyorudi huku nikakuta hamna mtu wa kuongea nae hii kitu, ukiwaambia washikaji raga wanakuuliza ile ya Wamarekani ya kuvaa helmeti? Kwahiyo bodaboda mmoja aliponiambia kuna baa wanaonyesha "mpira wa yai" asubuhi nikadhani utani.

Sio utani. Mwenyewe ana kijana wake kasoma Nairobi karudi na ugonjwa wa raga, kamshawishi mzee wake alipie kifurushi cha juu cha king'amuzi, na hesabu yao haina makosa: New Zealand wakicheza kwao usiku saa moja, huku kwetu ni saa nne asubuhi, muda ambao baa zote zimelala na hakuna ligi yoyote ya mpira wa miguu ya kugombania tivi. Wateja wa supu wapo tu, unawaongezea picha.

Siku ya kwanza nimeenda tarehe 6 Septemba 2025, All Blacks (timu ya taifa ya New Zealand, wenye jezi nyeusi) na Springboks, Eden Park, Auckland. Na siku hiyo ilikuwa vurugu. Kwanza projekta. Nani anawasha projekta nje saa nne asubuhi na jua la Dodoma? Kwenye kitambaa unaona vivuli viwili vitatu, hujui nani kavaa nyeusi nani kijani. Dada wa kaunta kaja na blanketi, yale mazito ya kijivu, kalifunga kwenye tawi la mwarobaini kuzuia jua, upepo ukalichukua likamfunika mteja na supu yake. Tukahamia bandani wote kwenye tivi ndogo. Pili sauti. Tivi ilikuwa imezimwa sauti alafu spika zinapiga singeli, na ndo All Blacks wanajipanga kupiga haka, ile ngoma ya Wamaori wanayoicheza kabla ya mechi. Sijui nielezeje, haka ya kimyakimya na singeli juu yake, yaani mapigo yalikuwa yanakaribia kuendana, watu wanacheka, mtu mmoja kasimama anacheza. Hapo ndo nikamsikia mzee mmoja wa kona, kofia ya balagashia, koti la suti mabegani, kagonga meza na fimbo: "Zima hilo dude! Wenzenu wanaita wazee wao hapo!"

Spika zikazimwa sekunde hiyo hiyo.

Huyu mzee ndo sababu ya mimi kuandika hii kitu ndefu namna hii, maana ukiondoa supu, yeye ndo kitu bora kilichomo mle na hayupo kwenye menyu. Nikamsogelea, shikamoo mzee, marahaba mwanangu kaa, nikamuuliza unashabikia nani, akasema weusi. Nikamwambia mzee sisi Waafrika, jirani zetu wale. Akaniangalia kama nimemkanyaga mguu.

Mzee ni wa Kongwa. Kama hujui historia ya Kongwa, ndo pale baada ya mradi wa karanga wa Mwingereza kufa, mwaka 1964 serikali ya Nyerere ikawapa wapigania uhuru kambi, ANC ya Afrika Kusini wakawepo, FRELIMO, SWAPO na wengine. Mzee anasema alikuwa dogo wa kuchunga mbuzi, vijana wa ANC walikuwa wanawafundisha nyimbo na kuwauliza habari za maziwa. Mmoja wao alimwambia kwao kwenye uwanja wa raga weusi wanakaa upande wao peke yao, na Springboks wakicheza na wageni, upande ule wote unashangilia wageni. Jezi ya kijani ilikuwa jezi ya kaburu. Akiwa na miaka kama 12 hajawahi kuona mpira wa raga hata kwenye picha, mzee akawa shabiki wa New Zealand. "Sasa nibadilishe leo kwa sababu gani?" Nikamtajia Mandela, fainali ya kombe la dunia la raga 1995, kavaa ile kijani namba 6 ya Francois Pienaar pale Ellis Park, dunia nzima inalia. Akasema, "Mandela alisamehe. Mimi bado nafikiria."

Nikanyamaza nikaagiza chapati nyingine.

Alafu akaniongezea kitu nilikuwa sijawahi kukiunganisha kichwani. Filbert Bayi wetu. 1974 kule Christchurch, nyumbani kwa New Zealand, Bayi anakimbia mita 1500 kwa 3:32.2, rekodi ya dunia, anamwacha John Walker wa New Zealand kwao. Dunia nzima ikawa inasubiri warudiane Olimpiki ya Montreal 1976. Ila mwaka huo huo All Blacks wakafunga safari kwenda kucheza Afrika Kusini, wakati Soweto watoto wameuliwa mwezi Juni. Afrika ikasema New Zealand waondolewe Olimpiki, kamati ya Olimpiki ikagoma kuwaondoa kwa hoja kwamba raga sio mchezo wa Olimpiki, nchi zaidi ya 20 za Afrika zikajitoa, na Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu Bayi hayupo. Kwahiyo nikamwambia mzee, si hao hao weusi wako ndo waliotunyima medali? Akacheka mpaka akakohoa, akasema hapo umenipiga, ila walikuja kujirekebisha, 1981 Springboks walipoenda kwao watu wa New Zealand wenyewe waliandamana, na pale pale Eden Park mtu alipanda kindege akawa anawarushia vifurushi vya unga uwanjani mechi inaendelea. Hiyo ya unga naijua ni kweli. Basi tukawa ngoma droo.

Mechi yenyewe siku ile All Blacks walishinda 24-17. Walifunga trai mbili (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) mapema kabla sisi hatujatulia kwenye viti, tukawa tunakimbiza toka hapo, na dakika za mwisho tunawasukuma kwenye mstari wao Ardie Savea, mechi yake ya 100 hiyo, akachomoa mpira chini katikati ya miguu ya watu kama mwizi wa simu stendi. Basi. Mpaka siku ile Eden Park walikuwa hawajafungwa toka 1994, na Springboks kushinda pale mara ya mwisho ilikuwa 1937. Mzee akasema, "1937 hata mimi sijazaliwa."

Sasa wakati wa mapumziko ndo kulitokea kitu kilichonifanya niipende ile sehemu. Vijana watatu wa chuo walikuwa meza ya pembeni, hawaelewi kinachoendelea, mmoja kauliza mbona Wasauzi wanabadilisha watu wengi kwa pamoja kama wamefungiwa mlango. Nikaomba vizibo. Dada wa kaunta kaleta kopo zima la vizibo vya bia na soda, nikapanga mezani. Nane mbele, hao ndo mafowadi, watu wa kusukuma, skramu ile mnayoona wanafungamana vichwa, kila upande unakaribia kilo 900 za nyama, ni kama kusukuma Fuso iliyozama alafu upande wa pili na wao wanalisukuma kuja kwako. Saba nyuma, hao ndo wa mbio na mateke. Kizibo cha namba 9 kilipotea tukaweka kipande cha ndimu, na kwa kweli namba 9 ni mtu wa kuchachua mechi kwahiyo kilimfaa.

Nikawaambia benchi lina watu 8. Timu nyingi zinaweka mafowadi 5 na wa nyuma 3, akili ya kawaida, mtu yeyote anaweza kuumia. Rassie Erasmus kocha wa Springboks yeye 2019 kwenye kombe la dunia kule Japani aliweka 6 kwa 2, wakaitwa Bomb Squad, yaani unasukumana na watu wazito dakika 50, mapafu yanatoka mdomoni, alafu unaona wanaingia wengine wapya wazito vilevile, na wengine ni bora kuliko waliotoka. Fainali walimpiga Mwingereza 32-12. Mwaka 2023 akazidisha, 7 kwa 1. Saba wa kusukuma na mmoja tu wa nyuma! Mara ya kwanza kaifanya Twickenham, London, Agosti 2023, na hao hao All Blacks, wakala 35-7.

Kijana mmoja akauliza, sasa wakiumia wawili wa nyuma? Swali zuri kuliko ya wachambuzi wengi. Ndo kamari yenyewe. Na kamari karibu imle kwenye fainali ya 2023 Paris, ila kwa upande ambao hakutegemea: dakika za mwanzo tu Bongi Mbonambi kaumia goti, huyo ndo mtu wa katikati ya skramu na ndo mrushaji wa laini-auti, ule mpira unaorudishwa ukitoka nje, na aliyekuwepo benchi ni Deon Fourie, mtu ambae kazi yake ya siku zote ni kuwahi mipira iliyolala chini. Kacheza nafasi ile karibu mechi nzima. Faf de Klerk namba 9 kacheza dakika zote 80 maana hakukuwa na namba 9 mwingine nje. Wenzao nao Sam Cane kapteni kala kadi nyekundu kipindi cha kwanza, ya kwanza kwenye fainali ya kombe la dunia la wanaume, wakacheza 14 na bado nusura washinde. 12-11. Pointi zote 12 ni penalti nne za Handré Pollard, hamna trai hata moja, Pieter-Steph du Toit kaangusha watu mara 28 peke yake, na Cheslin Kolbe kala njano mwishoni kakaa kwenye kiti kajifunika jezi usoni hataki kuona. Mi siku ile nilikuwa Johannesburg, bosi wangu alikuwa kajifunika vilevile na koti la kazi lenye grisi.

Springboks robo fainali 29-28 dhidi ya Ufaransa, nusu 16-15 dhidi ya Uingereza, fainali 12-11. Pointi moja, pointi moja, pointi moja. Vijana wakasema hiyo bahati. Mzee kaingilia, shabiki wa weusi lakini mkweli, akasema bahati haiji mara tatu mfululizo bila kuitwa.

Na ndo ninachowaambia watu wanaosema Wasauzi wanacheza raga ya kibabe isiyo na akili. Ile robo fainali, Damian Willemse anadaka mpira wa juu kwenye eneo lake, anapewa haki ya kupiga bila kubughudhiwa, kila mtu duniani hapo anabutua mpira mbele. Yeye anaomba skramu! Kwenye eneo lako mwenyewe, unaomba kusukumana, maana unajua umewazidi nguvu na unataka wachoke zaidi. Na trai ya Ufaransa, Thomas Ramos anaenda kuongeza mbili, Kolbe kachomoka kwenye mstari kama kibaka kaublok mguuni. Mechi iliisha kwa tofauti ya moja, piga hesabu mwenyewe. Toka 2024 sheria imebadilishwa, huruhusiwi tena kuomba skramu kwenye ile fri-kiki. Ukiona wanabadilisha sheria kwa ajili yako ujue ulikuwa na akili. Wakaja tena na jipya, Julai 2025 na Italia, mpira wa kuanzia mechi wameupiga mfupi makusudi usifike mita 10, ili wapewe adhabu ya skramu. Adhabu! Wameiomba. 45-0.

Mzee alikuwa ananisikiliza tu, alafu akachukua kizibo kimoja cha nyuma cha upande wake akakitelezesha kwa kidole katikati ya vizibo vyangu vyote nane mpaka kikadondoka toka mezani upande wangu. "Mlango mmoja tu," akasema. "Sukumeni mnavyotaka. Mkiacha mlango mmoja, huyu keshapita." Na huo ndo mchezo wa All Blacks, hauna maelezo mengi, wanasubiri ukosee, ukipoteza mpira ndo wanakuwa hatari zaidi kuliko wakiwa wanaanza wenyewe, kabla hujajipanga wameshatoa pasi tatu uko nyuma unaangalia namba mgongoni.

Tukawekeana dau. Wiki inayofuata wanarudiana Wellington, kule kule New Zealand, atakaefungwa analipa supu na chapati.

Tarehe 13 nikawahi saa tatu. Nikakuta mabadiliko, na hapa nawapa hongera, projekta wameachana nayo asubuhi, wamefunga turubai jeusi upande wa jua, tivi kubwa imehamishwa bandani, sauti ipo, singeli hamna mpaka mapumziko. Mtu kasikiliza wateja, kitu adimu Dodoma hii. Meza yangu na mzee imefutwa na kopo la vizibo lipo juu, dada kaweka mwenyewe.

Rassie nae kabadilisha, kaingiza vijana, namba 10 kampa Sacha Feinberg-Mngomezulu, dogo anaecheza kama hana rehani. Kipindi cha kwanza Leroy Carter, mechi yake ya kwanza kabisa na All Blacks, kafunga trai, Kolbe nae kaiba pasi yao kaenda nayo mpaka chini. Mapumziko weusi wako mbele 10-7, mzee anaagiza pilipili ya pili kwa madaha. Kipindi cha pili sijui nielezeje. Springboks 36-0. Kipindi kimoja! Kila skramu wanarudi nyuma, kila mpira wa juu wetu, Kolbe tena, Willemse, alafu akina Kwagga Smith, RG Snyman na André Esterhuizen wanatoka benchi wanafunga kama wamekuja kuchukua mshahara. 43-10, All Blacks hawajawahi kupigwa hivyo toka waanze kucheza raga, na kwao. Kuanzia ya tatu mzee kavua kofia kaiweka juu ya vizibo vyake vyote kavifunika. Hakusema kitu. Baadae akasema labda wamekula kitu.

Hapo nikajua anapoelekea, na nikacheka kwanza. Maana 1995, siku chache kabla ya ile fainali ya Mandela, wachezaji kibao wa All Blacks waliumwa matumbo hotelini Johannesburg, wanatapika, na kocha wao Laurie Mains akaja kudai waliwekewa kitu na mhudumu anaeitwa Suzie. Haijawahi kuthibitishwa mpaka leo. Walicheza, wakafika dakika za nyongeza, Joel Stransky wa Springboks akapiga dropu, lile teke la mpira uliodundishwa chini kwanza, 15-12. Muulize mtu wa New Zealand wa umri fulani kuhusu Suzie, atakueleza saa nzima. Nikamwambia mzee supu hii tumekunywa wote bakuli moja jiko moja, mbona mi sijaumwa.

Basi tuongee chakula maana hii ni baa sio darasa. Mbuzi choma nusu kilo 8,000, ni laini, chumvi ya kiasi, kachumbari wanaweka nyanya nyingi vitunguu vichache, mi napenda kinyume. Ndizi za kuchoma zilikuja ngumu katikati mara zote mbili. Kuku wa kienyeji usiagize kama unataka kula leo, nimesubiri saa moja na dakika arobaini, nilimuona jogoo anapita nyuma nikawaza ndo huyo. Mvinyo wa zabibu wa hapa hapa Dodoma wanao, wanakupimia kwenye glasi ya maji 2,000, mtamu mno kwangu ila wale wa chuo waliugeuza juisi. Mlenda na ugali wa mtama upo siku za wiki tu, mzee anausifia, sijauonja. Bia baridi kweli. Choo kisafi asubuhi, jioni hamna maji na ndoo iko mbali.

Sasa malalamiko yenyewe. Tarehe 4 Oktoba, Springboks na Argentina, Twickenham, wakishinda wanabeba kombe la ubingwa wa kanda ya kusini. Saa kumi jioni. Nikampigia kijana wa mwenye baa mchana, utaonyesha? Kaka ondoa shaka. Nimefika, meza ipo, kopo lipo, mzee yupo, na bandani kumejaa watu sijawahi kuwaona, jezi za timu za Uingereza, kila mtu ana mkeka wa kubeti mkononi. Saa kumi na moja kamili, mechi moto, mtu mmoja kasema neno moja kwa mwenye baa na chaneli ikahama. Tivi zote mbili. Na projekta! Nikaenda kaunta kwa heshima, nikamwambia bosi tuachie hata ile ndogo ya pembeni, tuko watu sita tunakunywa. Akanijibu, "Wao wako hamsini." Hesabu ni hesabu sina la kumpinga, ila ungeniambia mchana nisingetoka nyumbani, si ndio? Mechi tumeimalizia kwenye simu ya kijana wa chuo yenye kioo kilichopasuka, vichwa sita, bando la mtu, picha inaganda kila Argentina wakikaribia. 29-27. Kombe limebebwa sisi tunaangalia duara linazunguka.

Hapo nakata nyota moja na nusu bila huruma. Na meseji nilimtumia, kajibu ataweka tivi ya tatu. Sijaiona.

Kwahiyo ukitaka kwenda, nenda asubuhi, mechi za New Zealand na Australia zikichezwa kwao, fika saa tatu supu haijaisha, kaa upande wa turubai, sio chini ya mwarobaini maana wale ndege wa juu hawana adabu. Jioni ya Jumamosi baki nyumbani. Malipo ya simu wanapokea ila chenji ya noti ya 10,000 huwa wanakuzungusha, nenda na ndogo ndogo. Nyota tatu na nusu kati ya tano, na ile nusu ni ya kisahani.

Mzee hajanilipa supu yangu mpaka leo. Nilimkumbusha Jumamosi iliyopita, akaingiza mkono kwenye koti nikajua pochi inatoka, akatoa kizibo akaniwekea mezani. "Hiki cha Wellington," akasema. "Supu utakula mkishinda Eden Park."